Sakafu Isiyo na Nguzo

Mwezi wa kumi baada ya kumzika mume wangu, niliamua kumwaga sakafu ya simiti nyuma ya nyumba. Watu waliposikia waliuliza ya nini, na kila mmoja nilimpa jibu lake. Huyu nilimwambia ni ya kuanikia mtama. Yule nilimwambia ni ya kufulia nguo wakati wa matope. Ukweli ni kwamba nilitaka mahali pa kuketi ambapo nisingeliona kaburi.

Kaburi lilikuwa mbele, upande wa kulia wa mlango, pale anapozikwa mwenye nyumba kwetu. Sikulichukia, wala sikulipenda. Nilipita kando yake asubuhi nikienda shule kufundisha hesabu, nikapita tena jioni, na moyoni hapakuwa na kitu. Kilichonichosha ni macho. Kila aliyepita njiani alitaka kuona mjane anavyolitazama kaburi la mumewe, na mimi sikuwa na cha kuwaonyesha. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilisikia kwamba nina moyo mgumu na sikuwalaumu waliosema, maana hata mimi ningemsema hivyo mwanamke wa namna yangu.

Boma letu lilikuwa kando ya njia ya kwenda Mbita, ukishatoka Homa Bay, kwenye ule udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mpaka ukivue. Mila ya huko ilikuwa wazi. Mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe hajengi, haezeki, harekebishi. Bati moja la chumbani kwangu lilikuwa limeinuliwa na upepo tangu matanga, na mvua ikinyesha nilihamia upande wa pili wa kitanda. Mjane akijenga kabla ya kurithiwa, chira huingia bomani, laana ile inayokondesha watu, nayo huanza na watoto. Dawa yake ilikuwa moja tu: arithiwe haraka, hata wiki hiyo hiyo. Na kurithiwa hakukuwa jambo la karatasi. Mwanamume anakuja, analala kwako, na kukicha wewe ni wake.

Wa kunirithi alikuwa ameshachaguliwa. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, fundi viatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke wake, watoto wake, na uoga ambao alishindwa kuuficha. Mume wangu alikuwa karani wa kupima samaki Mbita, na kabla ya kufa alikonda mwaka mzima. Daktari aliandika kifua kikuu. Watu waliandika la kwao kimoyomoyo, na shemeji alikuwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa sijapimwa. Mtu angeniuliza kama nataka kuishi ningemwambia arudi siku nyingine. Lakini sikutaka mwanamume yeyote alale kwenye kitanda changu. Hilo nililijua hata bila kulifikiri, kama mtu anavyojua jina lake.

Kwa hiyo nilimwendea shemeji mchana mmoja nikamkuta na kiatu cha mtu mapajani. Nilisimama nje ya kibanda chake, kwa sababu mjane wa aina yangu haingii kwa watu.

"Shemeji," nikamwambia, "nyumba ni nini?"

Aliacha kushona. "Mwalimu, si unajua nyumba?"

"Nataka unieleze wewe."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali analoulizwa, na ndiyo maana nilimwendea yeye badala ya wazee. "Nyumba ni mahali mwanaume amechimba shimo akasimamisha mti. Mti wa kwanza ukisimama, hiyo ni nyumba, hata kama haina ukuta."

"Na kama hakuna mti? Sakafu tu, chini, nyuma ya jikoni?"

"Sakafu tu?"

"Simiti tu. Hakuna kitu kimesimama."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Akaangalia kiatu. "Kama hakuna mti, si nyumba," alisema. "Lakini ukisimamisha kitu, shemeji, mimi sitakuwa na la kusema. Itabidi nije." Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ya mtu aliyeambiwa akachimbe kisima peke yake. Nikamshukuru nikaenda zangu.

Mafundi wawili wa karibu walikataa. Mmoja alikuja, akaangalia, akapima kwa miguu, halafu akakumbuka nyumba ni ya nani. "Mwalimu, mimi nina watoto," alisema, akachukua baiskeli yake. Mwingine hata hakufika. Siku ya kwanza ya likizo fupi ya katikati ya muhula nikapanda gari kwenda Migori, ambako hakuna aliyejua habari za kaburi langu. Mimi ni mzaliwa wa Karungu, na Migori ndiko tulikokuwa tukinunua kila kitu kisichopatikana ziwani.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa Mwislamu aliyehamia kutoka pwani, na dukani kwake alikuwa ameketi fundi, jamaa yake, mtu mzima mwenye kofia, akinywa chai. Nilimweleza ninachotaka. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba: futi kumi na mbili kwa kumi, unene wa inchi nne, mteremko wa inchi moja na nusu kutoka ukutani ili maji yasirudi nyumbani. Pembeni nilikuwa nimeandika mchanganyiko: simiti karai moja, mchanga mawili, kokoto manne. Wiki nzima nilikuwa nikikokotoa mambo hayo, karai kwa karai, na nililala vizuri kuliko wakati wowote tangu mazishi. Hesabu hazikuniuliza naendeleaje.

Fundi aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Nani amekuchorea?"

"Mimi."

"Basi mimi nakuja kufanya nini?"

Nikamwambia sina mikono. Alicheka, akamaliza chai, akaniuliza boma liko wapi. Sikumwambia kuhusu mila. Nilimwambia tu, mara mbili, kwamba nataka sakafu tupu, kisisimame kitu. Akaitikia kama watu wanavyomwitikia mteja msumbufu.

Alifika baada ya siku nne. Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa ule udongo mweusi, kwa sababu unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na simiti ikiwekwa juu yake hupasuka nao. Akauparua wote, kina cha kiganja na nusu. Nilisimama nikimwangalia nikijiambia kwamba kuparua si kuchimba shimo. Akajaza mawe, akayashindilia, akamwaga mchanga, akatandaza wavu wa chuma, akazungushia mbao za pembeni. Mchanga ulitoka mtoni, na kokoto zilitoka kwa wanawake wanaozivunja kwa nyundo kando ya barabara. Walinijua wote, na hakuna aliyenitazama usoni.

Siku ya kumwaga simiti ilikuwa Ijumaa, shule zilikuwa zimefunguliwa, nami nilikuwa darasani. Fundi alileta vibarua wawili kutoka mjini. Niliporudi saa kumi vibarua walikuwa wameondoka na sakafu ilikuwa imeshamwagwa na kulainishwa, ya kijivu, inang'aa kwa unyevu, na kingo zake zimenyooka kama nilivyozichora. Katikati yake lilikuwa limesimama bomba la chuma, refu kunipita mimi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akijipepea kwa kofia. Alikuwa na furaha. "Hiyo ni zawadi yangu, mama," alisema. "Nilifanya kazi katika hoteli ya wazungu kule kwetu. Katikati ya sakafu huwekwa bomba, na ndani ya bomba huchomekwa mwavuli mkubwa. Jua la huku latoboa kichwa. Utaketije hapa mchana?"

Niliangalia lile bomba. Mwanaume alikuwa amekuja nyumbani kwangu na kusimamisha mti. Nilijua maana yake, hatua kwa hatua, kama ninavyojua kugawanya kwa desimali: bomba, nyumba, chira, shemeji, kitanda. Nilisubiri hofu inishike na haikuja. Nikamwambia fundi asante. Nikampikia ugali na samaki, akala, akalala kwenye jiko la nje, na mimi nikasahihisha madaftari.

Asubuhi alikuja mama mkwe wangu.

Inafaa nimweleze. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, anayeishi boma la juu, mjane wa siku nyingi ambaye yeye mwenyewe alirithiwa na shemeji yake enzi hizo. Mimi na yeye hatukuwa maadui wala marafiki. Tangu mazishi alikuwa hajaniuliza lolote kuhusu kurithiwa, na kwa sababu hiyo nilikuwa na hakika kwamba ni yeye anayewasukuma wanaume. Nyuma ya kila shinikizo la mila nilikuwa nimezoea kukuta mwanamke mzee.

Alizunguka nyumba bila kubisha hodi, akafika nyuma, akasimama ukingoni mwa sakafu. Akaliangalia bomba kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Nyar Karungu," alisema, yaani binti wa Karungu, jina analoniita tangu niolewe. "Huu mti umesimamishwa na nani?"

"Fundi. Hakujua."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukalala?"

Nikaweka kikombe chini. Akamgeukia fundi, na kwa kuwa hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni, akamwonyesha bomba kwa kidole na kusema, "Toa! Toa hiyo! Sasa!" Fundi akanitazama. Nikamweleza yote, hatimaye, kwa sentensi kama tano. Yule mtu alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, si ungeniambia!" alisema. "Si ungeniambia!" Akaenda kutafuta tindo na nyundo.

Simiti ya siku moja tayari ni ngumu lakini bado haijakomaa. Alichukua zaidi ya saa mbili, akigonga pole pole kuzunguka bomba ili sakafu nzima isipasuke, na mama mkwe amesimama juu yake kama mkaguzi. Bomba lilipotoka liliacha shimo pana kama sinia. Akalijaza kokoto na simiti nzito, akalilainisha kwa mwiko. Kazi ilikuwa safi, ila rangi ilimsaliti: sakafu yote ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, na katikati paling'aa duara jeusi, bichi, ambalo hata kipofu angelikanyaga akajua.

Tayari ilikuwa saa saba. Fundi alilibeba bomba begani, akapitia shambani hadi barabarani, na sikumwona tena. Hakuwa amefika mbali tulipowaona watu watatu wakishuka kutoka juu: shemeji na wazee wawili wa ukoo. Kumbe mwanamke wa boma la jirani alikuwa ameliona bomba Ijumaa jioni, na habari ilikuwa imelala njiani usiku mmoja tu.

Niliingia ndani nikatoka na jamvi la kutandika juu ya duara. Mama mkwe alinipokonya.

"Jamvi watalifunua," alisema.

Akavua ndala. Akatembea hadi katikati ya sakafu, akajishusha kwa magoti, akakaa juu ya simiti mbichi na kunyoosha miguu yake mbele, vile wanawake wazee wa kwetu wanavyokaa wakichambua mboga. Gauni lake lilikuwa la pamba, jepesi kwa kufuliwa. Akalitandaza pande zote. Duara likapotea.

Wazee walisalimia. Walikataa viti. Mmoja alikuwa na fimbo, akaanza kutembea juu ya sakafu akigonga, ko, ko, ko, kama daktari anayegonga mgongo wa mtoto. Alianzia ukutani akaenda hadi ukingoni, akarudi. Mwingine alikuwa anatafuta mashimo pembeni.

"Tumeambiwa kuna mti," alisema wa fimbo.

"Nani amewaambia?" mama mkwe akauliza.

"Watu wameona."

"Basi waje wauonyeshe. Mimi niko hapa tangu asubuhi, sijauona."

Mzee aligonga kumzunguka, akikaribia kila mara. "Hebu sogea kidogo, mama ya watu."

"Nisogee niende wapi? Nilimzika mwanangu, na miguu ikafa siku hiyo. Ukiweza kuninyanyua, ninyanyue."

Hakuna ambaye angemnyanyua. Wazee wasingemgusa, na shemeji alikuwa ametoka tumboni mwake. Wakasimama. Yule wa pili akaomba maji, nikamletea. Wakaomba chai, nikawapikia. Wakaanza kuzungumza habari za boma, za ng'ombe wa mahari ya mtu, za mvua, kama watu wanaongoja mgeni achoke aondoke. Nilikuwa naingia na kutoka na birika, na kila nikitoka yeye alikuwa pale pale, mgongo wima, anajibu kila neno. Nakumbuka nilifikiri kwamba gauni limeharibika. Hilo tu ndilo nililofikiri.

Saa tisa na nusu shemeji aliinuka kwenye jiwe alilokalia. Alimwendea mama yake kana kwamba anataka kumwambia jambo, akainama, na nikaona macho yake yakitua kwenye upindo wa gauni, mahali ambapo unyevu wa kijivu ulikuwa umeanza kupanda. Akauangalia. Akamwangalia mama yake usoni. Kisha akanyooka akawageukia wazee.

"Hakuna mti," alisema. "Mimi ndiye ninayehusika na nimeangalia. Hii ni sakafu. Si nyumba."

"Una hakika?" mzee akauliza.

"Nina hakika. Na kama si nyumba, hakuna haraka ya mtu kuja hapa." Sauti yake ilikuwa nyepesi. Sidhani nimewahi kumwona mwanamume aliyefurahi hivyo kukosa mke. Wakaaga, mmoja mmoja, wakapanda kurudi walikotoka, na neno la kunirithi shemeji hakulirudia tena maishani mwake.

Tulipobaki wawili nilimpa mama mkwe mkono. Akaushika lakini hakuinuka mara moja. Nilipomvuta, gauni lilibaki limegandia simiti, nikalazimika kulibandua kama plasta. Akaegemea ukuta wa jiko. Nikainua gauni nyuma kuona, kwa kuwa alishindwa kulishusha vizuri.

Simiti mbichi inakula ngozi. Nilijua, kila mtu aliyewahi kujenga anajua, na bado nilikuwa nimepita na birika kwa saa mbili. Mapaja yake kwa nyuma na makalio vilikuwa vyekundu, na sehemu mbili ngozi ilikuwa imelegea, nyeupe, inatoka. Nilikimbia kuleta ndoo. Nikampigisha magoti juu ya ile sakafu, nikaanza kumwagia maji kwa kikombe, na maji yaliteremka kuelekea ukingoni, yenye rangi ya kijivu.

"Ilianza kuuma saa ngapi?" nikamwuliza.

"Yule alipoomba maji."

Hapo palikuwa mwanzoni kabisa. Kabla ya chai, kabla ya ng'ombe, kabla ya yote.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Wangeniambia niinuke."

Nikaendelea kumwaga. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya simiti, na kichwa chake kimeinama hata sikuuona uso wake. Akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mimi waliponiletea mtu, nilimlilia mama mkwe wangu. Aliniambia ninyamaze. Yeye ndiye aliyetandika kitanda."

Iliniuma. Iliniuma kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwanawe, ambaye sikuwa nimemlilia siku moja, na nililia kwa sauti, kikombe mkononi, mpaka waliokuwa njiani wakasimama.

Aliniacha nilie kidogo. Kisha akanyoosha mkono nyuma akanigusa goti, akaniambia nitalia baadaye, sasa nimwage maji, kwa sababu bado inauma.